Aliyempa Potwe Jina Asiachwe Pwani

Kila tarehe 7 Julai tunakusanyika, tunaimba, tunasoma mashairi, na msemaji mmoja au wawili hutukumbusha kwamba UNESCO iliitangaza siku hiyo mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tunapiga makofi, kisha tunarudi darasani kuchambua ngeli. Mimi nina swali ambalo makofi hayajalijibu. Lugha hii ya dunia, je, inaweza kumfundisha mtu kuzama mita 20 chini ya bahari na kurudi juu akiwa mzima? Inaweza kumweleza mgeni namna ya kukaa karibu na samaki mkubwa kuliko wote duniani bila kumsumbua? Maoni yangu ni kwamba inaweza, na maneno mengi inayo tayari. Lakini sisi wa vitivo vya lugha tumewaachia wengine kazi hiyo, na hasara inawaangukia wavuvi na wanyama wenyewe.

Najua wapo watakaocheka. Bahari na Malemba-Nkulu wapi na wapi? Samaki wa bahari tunaowajua hapa ni makayabu ya chumvi na tomsoni wa barafu. Cheko hilo nitalijibu mbele. Kwanza tumtazame samaki mwenyewe.

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Machi, papa potwe huonekana kwa wingi mbele ya mji wa Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Mafia nchini Tanzania, mkabala na mahali ambapo mto Rufiji unaingia baharini. Huja juu kula uduvi na samaki wadogo. Potwe wakubwa kabisa hukaribia mita 18, ingawa wengi wa Mafia ni madume ambao bado wanakua. Pamoja na ukubwa huo hamng'ati mtu. Hufungua kinywa kipana, huvuta maji, huchuja chakula, basi. Wageni wa mbali hulipa fedha nyingi kuteremka majini kando yake wakiwa na miwani na mrija wa kupumulia. Wanaotaka kwenda chini zaidi hubeba mitungi ya hewa na kuzama kwenye matumbawe ya Ghuba ya Chole, upande wa pili wa kisiwa, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini humo. Huko huwatazama kasa, taa na chewa wakubwa.

Miezi hii nimesoma kwenye simu, kila mtandao uliporuhusu, matangazo kama kumi ya watu wanaouza safari za namna hiyo katika mwambao wote. Majina ya wanyama yalikuwa ya Kiingereza, mara chache ya Kifaransa au Kijerumani. Neno potwe nililikuta mara moja tu, limewekwa kama kiungo cha kuongeza ladha. Mvuvi anayemwona mnyama kwanza na kumwelekeza nahodha hakutajwa popote.

Sisi wa lugha tuanzie hapo kwenye jina. Kiingereza na Kifaransa vimemwita samaki huyu kwa kuunganisha papa na nyangumi, na walimu wa biolojia wanaofundisha kwa lugha hizo hulazimika kueleza kila mwaka kwamba si nyangumi. Kiswahili hakikuingia mtego huo. Papa ni papa, na potwe ni aina yake. Nchini Kenya huitwa pia papa shilingi, kwa sababu ya madoa meupe yaliyotapakaa mgongoni. Husimuliwa kwamba Mungu alipendezwa naye mno alipomwumba, akawapa malaika sarafu za fedha wamrushie. Ndiyo maana huogelea juu juu, mgongo ukimeremeta juani, kama anayeshukuru. Mwanafunzi wa historia ya maneno ataona jambo la ziada. Shilingi ilianza kuwa fedha ya Afrika Mashariki mwaka 1921, baada ya enzi ya rupia, kwa hiyo papa shilingi huenda ni jina la karne ya 20. Potwe halina alama yoyote ya fedha wala ya mkoloni. Tabaka mbili za historia ziko juu ya mgongo mmoja.

Nchini Madagaska wavuvi humwita marokintana, yaani nyota nyingi. Mwaka 2005 watafiti walichapisha njia ya kumtambua potwe mmoja mmoja kwa madoa yake, wakitumia hesabu zilizobuniwa kwanza kwa ajili ya kulinganisha picha za nyota. Madoa ya potwe mmoja hayafanani na ya mwenzake, kama alama za vidole vyetu. Mtalii anayepiga picha ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, anaweza kuituma, na samaki yule akatambuliwa tena baada ya miaka. Sisemi kwamba mvuvi wa Madagaska alitangulia kompyuta. Nasema kwamba aliangalia kitu kilekile, akakihifadhi ndani ya neno moja. Tukilitupa neno, tumetupa na uangalifu uliolizaa.

Kama mtu anadhani nakuza mambo, akumbuke kisa cha silikanti. Samaki huyu, anayeweza kufikia mita 2, alifahamika kwa wanasayansi kama jiwe tu, kiumbe kilichotoweka zamani, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wakatafuta wa pili kwa miaka 14. Walichapisha kipeperushi chenye picha na ahadi ya zawadi, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, wakakisambaza pwani ya mashariki ya Afrika. Wa pili alipopatikana Komoro mwaka 1952, ilibainika kwamba wavuvi wa huko walimjua siku zote, na jina walikuwa nalo: gombessa. Lugha za Komoro ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Kipeperushi kilipita kwa lugha tatu za mbali, kikawaruka watu wenye jibu. Mwaka 2000 wapiga mbizi walimkuta silikanti akiwa hai kwenye kina cha zaidi ya mita 100, Sodwana, Afrika Kusini, na dunia ikashangilia kana kwamba ndiyo kwanza ameonekana.

Tuje kwenye kazi yenyewe ya kushuka majini. Kitenzi tunacho: kuzamia, au kupiga mbizi. Lakini ukilisema neno mzamiaji mjini Dar es Salaam leo, wengi watamfikiria kijana aliyejificha ndani ya meli ili aende Ulaya bila hati. Neno moja limebeba safari mbili: ya mwenye pasipoti anayekuja kushuka baharini kwa starehe, na ya asiye nayo anayeshuka kwenye tumbo la meli kutafuta maisha. Walimu wetu wa semantiki hawahitaji kutafuta mfano mzuri zaidi wa kupanuka kwa maana.

Vifaa navyo vina majina. Mtungi wa hewa kila mtu anauelewa, kwa kuwa ameona mtungi wa gesi. Kuna miwani, kuna mapezi ya miguuni, kuna mkanda wa risasi wa kumvuta mtu chini. Kinachokosekana si nomino, ni maelezo. Watu husema kwamba sayansi ya kuzamia haielezeki kwa Kiswahili. Basi na nijaribu. Kila unaposhuka mita 10, maji yanakubana zaidi kwa uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, na hewa unayovuta hubanwa vilevile. Ukipanda huku umezuia pumzi, hewa hiyo inatanuka ndani ya mapafu na inaweza kuyapasua; kwa hiyo usiache kupumua hata mara moja. Ukikaa chini muda mrefu, gesi inaingia kwenye damu, na ukipanda upesi inatoka kwa povu, kama chupa ya sukre iliyotikiswa ikafunguliwa ghafla. Povu hilo huumiza viungo, linaweza kupooza miguu, linaweza kuua. Kwa hiyo panda polepole, na usimame njiani kabla ya kufika juu. Nimemaliza, na sikuazima sentensi hata moja.

Maelezo hayo yanahitajika na nani? Mtalii hayahitaji kwa Kiswahili. Ameshalipia mafunzo kwa lugha yake. Anayeyahitaji ni mvuvi wa jongoo bahari, Zanzibar au kusini mwa Kenya, anayeshuka na mtungi mara kadhaa kwa siku, aliyejifunza kwa kumtazama mwenzake. Anayahitaji pia kijana anayebeba mitungi ya wageni kwa miaka na hatimaye anatamani kuwa kiongozi wa kuzamia, akakuta mlango wa cheti umefungwa kwa kufuli la Kiingereza. Kijana huyo anajua mkondo unageuka saa ngapi na taa wanalala wapi. Mtihani haumuulizi hayo.

Tena chini ya maji hakuna anayesema Kiingereza. Huko wote ni mabubu, na lugha ni mikono. Kidole gumba kikielekea juu hakimaanishi safi, kinamaanisha tupande. Safi huonyeshwa kwa duara la gumba na kidole cha shahada. Kila kitu kinategemea kilichosemwa botini kabla ya kuingia: usimguse mnyama, kaa mbali naye kama mita 3 na zaidi kidogo upande wa mkia, usimkatie njia, usimfukuze akiondoka. Anayeyasema hayo, na anayeshika usukani, ni watu wa pwani. Wakiyapata kama amri za kukariri katika lugha ya mgeni, watayafuata mgeni anapotazama. Wakiyapata kwa lugha yao pamoja na sababu zake, watabishana juu yake, watayarekebisha, na mwishowe yatakuwa yao.

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, inatuonyesha kinachoweza kutokea. Hadi katikati ya miaka ya 1990 pomboo waliuawa huko ili nyama yao iwe chambo cha papa. Utalii wa kuwatazama ulioanza mapema katika muongo huo ulisaidia kuumaliza uwindaji: pomboo aliye hai alianza kulisha watu wengi zaidi kuliko aliyekufa. Hilo ni jambo jema na sitalidharau. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba boti za watalii zikiwapo, pomboo hawapumziki kama kawaida, wanahangaika kusafiri. Boti nyingi, injini nyingi, kila nahodha akitaka mgeni wake aone kwanza. Mnyama aliokolewa kutoka kwenye chusa akakabidhiwa kwa mbio. Siamini kwamba manahodha wale ni watu wabaya. Bakshishi inatoka kwa mgeni, na mgeni asiyezungumza nao anapimwa kwa kitu kimoja tu: ameona au hakuona.

Kwa potwe wa Mafia jambo ni zito zaidi, maana mwaka 2016 shirika la IUCN lilimweka potwe miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Mahali anapokula ndipo samaki wadogo walipo, na ndipo wavuvi wanapozungusha nyavu zao. Mara kwa mara potwe hujikuta ndani ya wavu. Wakati huo hakuna mtalii, hakuna mtafiti, na mara nyingi ni usiku. Wapo wavuvi, wavu wao wa thamani, na mnyama wa tani kadhaa. Watamtoa vipi? Watashusha upande mmoja wa wavu, au watamkokota kwa mkia? Maisha ya potwe yanaamuliwa katika mazungumzo hayo, nayo hufanyika kwa Kiswahili. Kipeperushi cha Kiingereza kilichobandikwa hotelini hakifiki pale.

Watafiti nao wamegundua jambo la kutufikirisha. Walipowafunga potwe vifaa vinavyotoa mlio na kuweka visikilizio chini ya bahari, ilionekana, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2015, kwamba wengi hawaondoki Mafia msimu ukiisha. Wanabaki karibu mwaka mzima, ila wanahama kidogo kutoka pwani na kushuka chini, na macho ya watu wa boti hayawaoni. Mwanafunzi wa lugha angekuwa na maswali yake kwa wazee wa Kilindoni. Je, potwe wa juu na potwe wa chini wana jina moja? Msimu wa kuonekana kwake unaitwaje? Kuna neno la potwe mchanga? Majibu ya maswali kama hayo ni data, sawa na milio ya vifaa. Nayo hayahitaji meli ya utafiti. Yanahitaji mtu mwenye daftari, adabu na muda.

Sasa nirudi kwa waliocheka.

Wa kwanza atasema: watalii wanalipa kwa Kiingereza, acha biashara iende. Nakubali kwamba kiongozi wa wageni ajue Kiingereza, na Kifaransa pia kikimfaa. Sipingi lugha ya mteja. Napinga kuiacha lugha ya mfanyakazi ikae nje ya mafunzo, ya mtihani na ya kanuni. Daktari wa Kamina anasoma kwa Kifaransa, lakini asipoweza kumweleza mama mgonjwa dozi ya dawa kwa lugha ya nyumbani, dawa haitamsaidia.

Wa pili atasema: tuna njaa, tuna barabara mbovu, potwe atatusaidia nini? Kwa watu wa pwani potwe tayari ni chakula cha mezani, kwa njia ya boti, ya nyumba za wageni, ya soko. Jambo linalowaletea watu riziki si anasa.

Wa tatu ndiye nimsikilize zaidi, kwa kuwa anasema bahari si yetu. Ndugu yangu, katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kauri za Bahari ya Hindi zilizozikwa pamoja na watu wetu karne nyingi zilizopita, kabla Kiswahili hakijasikika huku. Kauri zilitangulia, lugha ikafuata njia za misafara. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na Kenya na Tanzania. Hata maji ya Lualaba yanayopita hapa mwishoni yanaingia Atlantiki karibu na Moanda, kwenye ufuko wetu wa takriban kilomita 40, ambako hifadhi ya mikoko iliyoundwa mwaka 1992 inamlinda binamu wa nguva. Bahari tunayo. Hatujaizungumza tu.

Na kuna sababu iliyo karibu zaidi. Katika mabwawa ya Upemba anaishi swala wa majimaji ambaye hapatikani kwingine duniani. Sayansi ilimpa jina lake la pekee, Kobus anselli, mwaka 2005. Kwa makadirio ya miaka ya karibuni hawafiki 100. Wazazi na babu zetu walimwona, walimwinda, walimla, na walimtaja kwa Kiluba kabla ya mwaka huo. Je, wewe unayesoma hapa, unalijua jina lake? Unajua kama dume na jike waliitwa tofauti? Wenye kujua ni wachache, nao wana mvi. Yaliyompata potwe katika matangazo ndiyo yatakayompata swala huyu, na kiboko, na samaki wa Kisale: mgeni atakuja kuwaona siku moja, kwa bwato la injini, na majina yatakuwa ya mgeni, kwa sababu sisi tulikuwa tunachambua ngeli.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote ya gharama ndogo. La kwanza, kila mwanafunzi wa mwaka wa pili akirudi likizo alete majina 20 ya wanyama wa majini kutoka kwa mvuvi anayemfahamu, kwa Kiluba na kwa Kiswahili cha hapa, pamoja na sentensi moja ya mvuvi mwenyewe kuhusu tabia ya kila mnyama. La pili, somo la tafsiri liache kwa muhula mmoja hotuba za wanasiasa, lichukue kanuni za kuogelea na potwe na maelezo ya usalama wa kuzamia, na kazi bora itumwe kwa wenzetu wa vyuo vya Tanzania na Kenya waijaribu mbele ya wavuvi, waturudishie masahihisho. Wavuvi watatusahihisha sana, na hilo ndilo nilitakalo. La tatu, jarida hili litenge ukurasa mmoja kila toleo kwa maneno hayo, kwa jina la kijiji kilikotoka neno.

Walimu wetu wanaweza kuuliza alama zitatolewaje. Swali ni la haki. Pendekezo langu: atakayeleta neno ambalo halimo katika kamusi yoyote ya maktaba yetu, na akaweza kueleza mvuvi alilitumiaje, apewe alama sawa na aliyeandika insha ya kurasa tano.